Chupa Zilizopanda TAZARA

Miaka ya themanini, kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa wa wilaya ya Mbozi ili ijulikane kama ni saratani au la, kilisafiri kwa treni. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikipakia. Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya huku kwetu, wakati ambao mkoa wa Songwe haujazaliwa na sote tunahesabiwa watu wa Mbeya. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikuwapo, ila mabasi yalilala vituoni yakingoja mafuta na matairi, na gari la hospitali lilikuwa juu ya mawe. TAZARA ndiyo iliyotembea. Treni ilitoka Zambia, ikapumua Tunduma mpakani, ikateremka hadi pwani, na ndani yake alikuwamo mhudumu mmoja wa behewa aliyekubali kubeba kikapu changu kwa hisani tu. Nduguye alimpokea stesheni ya Dar, akakifikisha maabara.

Kikapu kilikuwa na vichupa vya penisilini vilivyooshwa, kwa vinyama vidogo, na kopo la maziwa ya unga endapo daktari wa upasuaji ametoa titi zima au tezi kubwa. Midomo niliifunga kwa plasta, juu yake nikadondoshea nta ya mshumaa. Namba na kijiji niliandika kwa penseli, kamwe si kwa kalamu, maana fomalini ikivuja wino hukimbia na penseli hubaki. Harufu haikufungika. Abiria walilalamika kwamba kuna mtu amepakia paka aliyekufa, na yule mhudumu akawa anawajibu kwamba ni dawa za serikali.

Fomalini ilikuwa mali. Kanuni ni sehemu moja ya fomalini kwa tisa za maji, na kinyama kiogelee humo mara kumi ya ukubwa wake. Ukibana matumizi, nje kinakaza na ndani kinaoza, na mtaalamu atakayekitazama hataona kitu. Lakini huo ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi, 1983, ambapo hata mche wa sabuni ulivushwa kwa siri kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Kemikali tungezipata wapi? Kidogo tulichogawiwa na bohari kilikuwa na mgombea mwingine, nao ni wafu. Malori yaligongana kwenye barabara kuu, na dereva aliyekufa kwao ni Ndola au Lubumbashi. Ndugu wamesimama mlangoni, wanalia, wanataka mwili ufike bila kuharibika. Nani angewaambia kwamba fomalini iliyobaki ni ya kinyama cha mtoto wa Kamsamba? Kila ilipogombaniwa, maiti ilishinda.

Majibu yalirudi kwa posta, katika bahasha za kaki. Waliokuwa wakitazama vinyama vya nchi nzima walihesabika kwa vidole, na sikuwahi kuwalaumu. Lakini wengi wa wagonjwa walikuwa wamekwisha kurudi vijijini, wengine wamezikwa. Nilifungua bahasha, nikaandika jibu kwenye daftari langu la kaunta mbele ya namba ya mtu, nikaendelea na makohozi na damu za siku hiyo.

Daftari hilo ndilo lililomleta Daktari mlangoni kwangu. Jina lake silitaji. Angali hai na hapendi kutajwa. Alikuwa kijana wa Ileje, ametoka mafunzo ya vitendo, amepangiwa kwetu bila kuuliza. Wenzake waliopangiwa wilayani walishinda wakitafuta uhamisho. Yeye jioni alikuja maabara, akakaa kwenye stuli yangu, akasoma daftari kama mtu asomaye gazeti. Siku moja akaniomba penseli nyekundu.

"Dada, hawa watoto wa taya umewaona?"

Niliwaona mmoja mmoja, nikawasahau mmoja mmoja. Ukiwatazama kwa pamoja ndipo unaposhtuka. Mtoto wa miaka mitano au saba, shavu limevimba, jino limelegea, jicho linasukumwa kutoka nje. Mama anadhani ni jipu la jino. Daktari alizungushia duara nyekundu kila mmoja, kisha akanisomea vijiji: Kamsamba, Ivuna, Mkulwe, Kamsamba tena. Wote watu wa bondeni. Huku juu, Vwawa, Mlowo, Tunduma, kwenye kahawa na baridi, duara zilikuwa za kutafuta. Bonde la Ziwa Rukwa liko mita kama 800 juu ya usawa wa bahari, lina joto na mbu wa kutosha; sisi tuko zaidi ya mita 1,500. Ni wilaya moja, hospitali moja, lakini kuna magonjwa ambayo hayakupanda mlima.

Ndipo aliponisimulia habari za Denis Burkitt, kwa furaha ambayo sikumwona nayo tena baadaye. Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Kisha akataka kujua unakoishia. Alichapisha karatasi zenye picha, akazituma hospitali za serikali na za misheni akiuliza: mnawaona watoto wa namna hii? Ruzuku yake ya kwanza haikuzidi pauni 25. Oktoba 1961, Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari aina ya Ford lililokwisha kutumika, lililonunuliwa kwa pauni 250, wakazunguka maili 10,000 wakipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba uvimbe huo hauishi penye baridi wala penye ukavu, yaani unafuata nchi za malaria. Kutokana na vinyama vilivyopelekwa London, mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walionyesha kirusi ambacho leo kinabeba majina ya Epstein na Barr.

"Sisi hatuhitaji maili elfu kumi," Daktari alisema. "Mteremko mmoja tu, kutoka Vwawa hadi Kamsamba, unatosha. Tuwahesabu watoto, tupime malaria zao, tutunze vinyama vyao. Swali la Burkitt tutalijibu ndani ya wilaya moja."

Na si swali la kitabuni. Uvimbe ule huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ni katika saratani zinazokua haraka kuliko zote. Lakini pia ni katika zile za mwanzo kujulikana kwamba huyeyuka kwa dawa peke yake. Burkitt mwenyewe aliwatibu watoto Kampala, wengine wakapona kwa sindano chache. Sasa linganisha siku mbili hizo na bahasha ya kaki inayotembea kwa miezi.

Hapa niseme jambo ambalo limenikera miaka yote. Hadithi ya pauni 25 hupendwa sana na watu wa semina. Huisimulia ili kutuonyesha kwamba utafiti hauhitaji fedha, unahitaji moyo. Wanasahau kilichokuwa nyuma ya pauni hizo. Mulago kulikuwa na idara ya patholojia iliyokamilika, chini ya Jack Davies, akiwamo Gregory O'Conor aliyezitazama slaidi za watoto hao na kutambua kwamba ni uvimbe wa mitoki, na baadaye Dennis Wright aliyeueleza vizuri zaidi. Kampala ilikuwa na rejista ya saratani tangu mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Katika miaka ya sitini Profesa Michael Hutt akaweka utaratibu wa kupokea vinyama kwa posta kutoka hospitali za shamba. Mishahara yao yote ilikuwa inalipwa na mtu mwingine, mwezi kwa mwezi, kabla Burkitt hajaomba hata senti. Pauni 25 zilikuwa chumvi. Ugali ulikuwa umeshapikwa.

Ugali huo ulimwagika tukiwa tunatazama. Idi Amin alichukua Uganda 1971 na wataalamu wakaondoka chuo cha Makerere, Kampala, wageni kwa wenyeji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na taasisi zake za utafiti zikabaki mikononi mwa kila nchi kivyake. Kwetu zikakusanywa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kwa sheria ya 1979, mwaka ambao vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha. Mwaka uliofuata, huko Lagos, wakuu wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi ielekeze asilimia 1 ya pato lake kwenye sayansi na teknolojia. Daktari alikata habari hiyo gazetini, akaibandika ukutani kwangu juu ya sinki. Ikawa maamkizi yetu. Akiingia asubuhi huniuliza, "Dada, ile asilimia imefika?" Nami humjibu kwamba iko Makambako, treni imeharibika.

Aliondoka kwenda kusomea uzamili wa patholojia. Nilimpeleka stesheni mwenyewe. Wazee wa kwao walikuwa wamemsomesha wakitarajia daktari wa upasuaji au wa kina mama, mtu wa kumpelekea kuku. Alipowaeleza anachokwenda kusoma, baba yake mdogo aliuliza mbele ya watu, "Yaani miaka yote hiyo ili uende kukaa na maiti?" Hata wauguzi wetu walifikiri hivyo. Mtu anayeitwa mtaalamu wa patholojia walimjua kwa jambo moja, mochwari. Hawakujua kwamba kila mwanamke aliyekatwa titi, au aliyenusurika kukatwa, kuna mtu aliyeinama kwenye hadubini akaamua.

Tuliandikiana barua, na kila alipopata likizo alipita Tunduma. Ni katika barua hizo nilipojifunza jinsi mtu anavyoweza kuzama katika kazi muhimu. Asubuhi aliwafundisha wanafunzi wa udaktari. Mchana alitazama slaidi za wagonjwa, lundo lisiloisha. Polisi walileta maiti za ajali na za mauaji, kisha mahakama ikamwita shahidi, na hakimu akaahirisha. Utafiti ulikuwa wa usiku, kama umeme upo na kama lenzi ya hadubini haijaota kuvu kwa unyevu. Majarida ya nje yaliacha kuja maktaba kwa sababu fedha za kigeni hazikuwapo. Alisoma mambo mapya kwenye nakala alizoletewa na wageni kwenye mabegi yao.

Na kupanda cheo kulikuwa kwa makala. Slaidi elfu za wagonjwa ulizosoma hazikuhesabika, hukumu ulizosaidia mahakamani hazikuhesabika. Makala inataka utafiti, utafiti unataka fedha, fedha inataka andiko la mradi, na andiko linataka muda. Muda alikuwa nao nani? Daktari wa upasuaji aliyechoka na mshahara usionunua gunia la mchele alikuwa na njia: mwaka 1991 sheria ilibadilishwa, hospitali za watu binafsi zikaruhusiwa, na jioni kila mwenye jina akafungua kliniki. Mtu wa patholojia hana mgonjwa. Hakuna anayemtafuta nyumbani kwake usiku, hakuna anayemshukuru. Wanafunzi waliliona hilo mapema, nao hawakuwa wajinga, walichagua kwingine.

Lakini andiko aliliandika, tena mapema, mara baada ya kumaliza uzamili. Alinisomea rasimu yake nyumbani kwangu, watoto wamelala. Liliitwa kwa jina refu, ila mimi nililiita andiko la mteremko. Aliomba mafuta ya Land Rover, fomalini, posho ya wahudumu wa zahanati za bondeni ili watoto waletwe mapema, na kabati la chuma la kutunzia bloku za nta. Bloku ndiyo roho ya kazi hii. Kinyama kikishakaushwa na kuzamishwa kwenye nta, hukaa miongo. Ukikihitaji unakikata tena kwa maikrotomu, kipande chembamba kuliko karatasi ya biblia, unakipaka rangi, unauliza swali ambalo hata halikuwapo siku mtoto alipougua. Bloku za watoto wetu zilikuwapo, tangu zile za kikapu changu. Alizitafuta moja moja kwa namba za daftari langu na kuziweka pamoja kwenye masanduku ya viatu.

Mgeni wa shirika moja la wafadhili alilisoma andiko akalisifu. Akasema, hata hivyo, vipaumbele vimebadilika.

Kweli vilikuwa vimebadilika. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera 1983, na haikuchukua muda kabla ugonjwa haujafuata barabara kuu hadi kwetu. Mtu ambaye hakuishi Tunduma wakati ule asiniambie habari za vipaumbele. Malori yalipanga foleni mpakani kwa siku kadhaa, madereva wakisubiri karatasi, na mji mzima ukiishi kwa kuwahudumia. Nilipima damu za wasichana niliowajua toka wakiuza karanga. Fedha za Ukimwi zilipokuja zilikuja panapostahili, na sitamruhusu mtu yeyote atumie habari hizi za taya kulalamikia hilo.

Ninachosema ni kwamba Ukimwi ulikuwa mlango pekee wa fedha, na kila mwenye swali lake alilazimika kupita hapo. Muhimbili, Dar es Salaam, ushirikiano wa Watanzania na Waswidi katika utafiti wa Ukimwi ulianza 1986 na ulisomesha kizazi kizima. Ephata Kaaya, mtu wa patholojia, alichunguza saratani ya Kaposi kwa njia hiyo, akasoma na Waswidi wa Karolinska, akarudi, na mwishowe akawa Makamu Mkuu wa Chuo cha MUHAS. Nalitaja jina lake kwa sababu ni mfano mzuri: inawezekana. Lakini tazama kilichowezesha. Kaposi ilikuwa imefumwa na Ukimwi. Swali la mtafiti na swali la mwenye fedha yalikutana ndani ya kinyama kimoja, na ushirikiano ukadumu kwa miaka mingi, si kwa miezi ishirini na minne.

Daktari naye alishauriwa aingize Ukimwi kwenye andiko. Aliuingiza kwenye aya moja. Akaambiwa aupandishe kwenye kichwa cha habari. Lilipopitishwa hatimaye, lilikuwa andiko la mitoki ya watu wazima wenye virusi, mjini. Bonde lilikuwa limetoka. Taya zilikuwa zimetoka. Fedha zilitosha miaka miwili, makala ikatoka moja, jina lake likiwa katikati ya majina mengi, na kamati ya vyeo ikamwambia kwamba kinachopimwa ni jina la kwanza.

Katikati ya miaka ya tisini alikwenda Botswana, kama walivyokwenda madaktari wengi wetu. Aliniandikia kwamba huko fomalini inakuja kwa pipa na mshahara unaingia tarehe ile ile. Hakuandika habari za utafiti, nami sikumuuliza.

Mimi nilivuna nisipopanda. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Munich na wenyeji wao walianzisha programu ya utafiti wa tiba Mbeya. Wamarekani wakaongezeka, na baadaye ikawa kituo cha NIMR. Mji wa Mbeya ukawa mji wa utafiti, chanjo za Ukimwi zikajaribiwa huko, na fundi wa maabara aliyejua kazi akawa anatafutwa. Niliajiriwa na mradi mmoja. Sijawahi kufundishwa vizuri vile. Kila mrija wa damu ulikuwa na alama, kila jokofu lilikuwa na kitabu cha joto, na umeme ukikatika jenereta iliunguruma kabla hujamaliza kusema lahaula. Nilijifunza kwamba nyuzi 80 chini ya sifuri si mchezo, na kwamba Mwafrika hashindwi na usahihi akipewa vifaa.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani zinavyopangwa. Damu ilisafiri kwa ndege ikiwa na barafu kavu na karatasi za vibali. Nyama, katika hospitali za mkoa huohuo, ilikuwa bado inasubiri mtu anayekwenda Dar. Damu huweza kuhesabiwa na mashine na namba ikatoka jioni. Kinyama kinadai jicho la mtu aliyefundishwa kwa karibu miaka kumi, na mtu huyo hawezi kununuliwa kwenye bajeti ya mradi wa miaka mitatu. Hata fedha nyingi za Wamarekani zilizokuja baada ya 2003, zilizojenga maabara hadi wilayani, zilileta mashine za CD4 na za wingi wa virusi. Maikrotomu sikuiona ikishushwa.

Vijana wa mradi nao waliishi kwa mikataba. Niliwaona wenye shahada mbili wakifungasha madawati Desemba, wakisubiri kusikia kama mfadhili ameongeza. Aliyeongezewa alifanya kazi, aliyekosa alikwenda kuuza dawa za kampuni. Utafiti wa Ukimwi ulikuwa na fedha na bado ulikuwa hivyo. Patholojia isiyo na fedha ingemshika nani? Kufikia mwaka 2010 hivi, wataalamu wa patholojia wa nchi nzima hawakufika ishirini, na sensa ya 2012 ilituhesabu karibu watu milioni 45. Wengi wa wataalamu hao walikuwa Dar. Nchi za ukanda wetu ziliamua kuunda chuo cha pamoja cha kuwafunza na kuwatahini, COPECSA, na hilo limesaidia. Rais Kikwete naye aliirudia ahadi ya asilimia 1. Niliisikia redioni, nikacheka peke yangu jikoni, binti yangu akaniuliza kuna nini.

Masanduku ya viatu yalipotea. Pale yalipohifadhiwa, paa lilivuja, kisha panya wakaingia, na panya hupenda nta kuliko unavyofikiri. Kilichobaki kilitupwa siku ya kukarabati jengo. Aliyetupa hakujua, kwake zilikuwa taka zenye namba za penseli. Mtu akiniuliza utafiti wa patholojia unakosa nini huku kwetu, huwa simtajii hadubini za kisasa. Namtajia mlinzi wa kabati, mwenye mshahara, mwaka hadi mwaka, hata kama hakuna mradi wowote.

Kazi aliyoiota Daktari hatimaye ilifanyika. Kuanzia 2010 hadi 2016, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliendesha utafiti mkubwa wa uvimbe huo kwa watoto wa Afrika Mashariki, ukiitwa EMBLEM, chini ya Sam Mbulaiteye, mtaalamu mzaliwa wa Uganda afanyaye kazi Maryland. Walichunguza kaskazini mwa Uganda, magharibi mwa Kenya, na kwetu Tanzania kanda ya ziwa, Mwanza na Mara. Walipima malaria, walitunza vinyama, waliwalinganisha watoto wagonjwa na wazima wa vijiji vilevile. Daktari, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi, aliusoma kwenye simu akiwa sebuleni kwangu, miwani imeshuka puani.

"Kazi safi," alisema. Kisha, baada ya kusoma zaidi, "Rukwa haimo."

Nilimletea daftari. Nilikuwa nimelitunza, pamoja na yaliyofuata, chini ya kitanda ndani ya mfuko wa saruji. Duara zake nyekundu zimefifia kuwa za kahawia, namba zangu za penseli zimekaa kama zilivyo. Yeye alitaka kuomba fedha za mfuko wa taifa ulio chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, lakini mwombaji anatakiwa awe na taasisi, na sisi wawili taasisi yetu ilikuwa pensheni.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa. Tunduma, foleni za malori ni zilezile ingawa kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa 2019. Kinyama siku hizi hupanda basi kwenda Mbeya asubuhi, na fomu yake hupigwa picha kwa simu. Ni maendeleo, siyakatai.

Daktari mmoja wa kike, anayesomea uzamili wa patholojia, mzaliwa wa Mlowo, alisikia habari za daftari akaja kunisalimu. Ana haraka na anauliza vizuri. Alishinda siku nzima akipiga picha kurasa, akimpigia Daktari simu kuuliza vijiji ambavyo vimebadili majina. Alitaka tasnifu yake iwe ya mteremko: taya za bondeni, wakati ule na sasa, wakati ambapo vyandarua vyenye dawa vimegawiwa na malaria imepungua sehemu nyingi. Je, na uvimbe umepungua? Daktari alimwambia kwamba swali hilo ni zuri kuliko lake.

Alirudi baada ya muda na soda na mkate. Chuoni walimwuliza sampuli atazipata wapi ndani ya miezi kumi na miwili, na nani atalipa usafiri wa bonde. Bloku hana, mafuta hana. Kuna mradi wa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi unaolipia vifaa na ada ya mwanafunzi mmoja.

"Mama, nimechukua mlango wa kizazi," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

Nilimwambia asiombe radhi. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko zote nchini, na hapa mpakani wapo wengi ambao hawajawahi kupimwa. Ameanza kazi Januari. Juzi alinipigia simu kuuliza kama namfahamu mtu bohari ya Mbeya, maana fomalini imemwishia.